Mzigo Ulioagizwa na Mzigo Ulionunuliwa

Msafiri atokaye Tabora kwa garimoshi kuelekea Kigoma, akiisha kuzipita Urambo na Kaliua, huifikia Usinge, kituo kilichokaa katika nchi ya miombo na mbuga kabla reli haijateremka kwenye bonde la mto Malagarasi. Si mji wenye majumba ya kusimuliwa, wala jina lake halitajwi mara nyingi katika habari za kale zilizoandikwa na wageni. Walakini ardhi yake imo katika ule ukanda baina ya Unyanyembe na Ujiji ambao kwa miaka mingi kabla ya reli ulikanyagwa na nyayo za wapagazi, wakichukua nguo na ushanga kwenda bara na pembe za ndovu kwenda pwani. Leo wapagazi hawapo, na katika maduka ya Usinge, kando ya miche ya sabuni na betri za tochi, zimepangwa simu za mkononi, vitochi kwa wenye kipato kidogo na simu janja kwa wenye uwezo au wenye tamaa. Na kila mwenye duka ana daftari, au walau kipande cha karatasi, ambamo huandika zipi zimekwisha na zipi anataka aletewe.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mtu akiiokota njiani, hali hamjui aliyeiandika wala duka lake, hushawishika kusema kwamba simu za aina fulani zimeagizwa nyingi, kwa hiyo watu wa Usinge wanazigombania; au kwamba oda imepungua nusu, kwa hiyo watu wamezichoka. Hesabu hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaoifanya ipendwe. Katika miji mikubwa ya fedha, New York na London na Hong Kong, wako watu wenye elimu na mishahara minono ambao kazi yao ni hiyo hiyo: hupekua taarifa za viwanda vinavyotengeneza vioo, betri na vipande vingine vya simu, ili wabashiri simu ngapi zitauzwa kabla kampuni yenye simu haijatangaza yenyewe. Mara nyingine hupatia, na mara nyingine hukosea vibaya. Na sababu za kupatia na za kukosea zilikwisha kujulikana, kwa gharama kubwa, kwa wafanyabiashara wa Unyanyembe zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, walipowasili Kazeh, ambayo sasa ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, walikuta Waarabu wa Oman wamekwisha kujenga tembe zenye baraza na bustani, na maghala yaliyojaa nguo, ushanga na pembe. Musa Mzuri, Mhindi Khoja wa Surat, alikuwa amefika katika nchi hiyo mapema zaidi ya wengi wao. Aliyewapokea wageni kwa karamu na kuwasaidia kwa kila hali alikuwa Sheikh Snay bin Amir, wa kabila la Harthi, ambaye alianza maisha yake Maskati kwa kutengeneza na kuuza vitu vitamu, na hatimaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara. Nalitaja neno la watumwa kwa kusudi, maana insha nyingi za misafara hulipita kwa haraka kama mtu apitaye penye uvundo, hali yakini ni kwamba katika daftari zile zile zilizoandikwa doti za nguo na frasila za pembe ziliandikwa pia nafsi za wanadamu.

Kazeh haikuwa mwisho wa njia. Ilikuwa ghala, na kutoka hapo njia zilitawanyika kama vidole vya mkono: moja ikipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine ikishika magharibi kwa Msene na kuvuka Malagarasi hata Ujiji, nyingine zikielekea kusini. Tajiri aliyekaa Kazeh hakumwona mnunuzi wa mwisho kwa macho yake, illa kwa bahati; alimjua kwa kupitia kwa wakili wake aliye mbali, na wakili huyo alimjua tajiri wa Unguja kwa jina tu. Basi na tuutazame mwendo wa oda moja. Wakili aliyeko Ujiji akiona nguo zake, pamoja na ushanga wa sofi uliokuwa ndio fedha ya soko lile, zinakaribia kwisha, hutuma habari Kazeh. Tajiri wa Kazeh, mwenye mawakili katika nchi nyingine pia, hujumlisha haja zote, huongeza kidogo kwa kuihofia njia, na kuandika waraka kwa anayemkopesha mali huko Unguja, aghalabu Mhindi, kama Taria Topan alivyomkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Naye wa Unguja, akiisha kuongeza lake kwa kuuhofia upepo wa kaskazi, huenda kwa wakala wa nyumba za biashara za Salem ya Marekani au Hamburg, ambaye huandika ng'ambo. Msafara ulichukua miezi mitatu au minne, na merikebu ya tanga iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema ilichukua miezi mingine mingi. Hata nguo ifumwe, ipakiwe, irudi Unguja, ilipiwe ushuru forodhani, ifungwe mizigo na kupandishwa mabegani mwa Wanyamwezi, mwaka mzima na zaidi umekwisha kupita. Kwa hiyo mfumaji wa Salem aliyeusoma waraka huo hakuisoma haja ya mwanamke asimamaye sokoni Ujiji. Aliisoma kumbukumbu ya haja ya zamani, iliyokuzwa mara mbili na hofu za watu wawili.

Katika ushanga ndimo hekima ya jambo hili ilimojificha, na hapo naomba ruhusa nikawie. Burton alihesabu kwamba aina za ushanga zilizokuwa zikiuzwa katika nchi hizo zilikuwa kiasi cha 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali pake. Uliopendwa kupita wote ulikuwa sami-sami, mwekundu kama marijani, ambao watu waliupa lakabu ya kimara-pamba, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa hata posho yake ya chakula ili aupate, na lakabu nyingine ya kifunga-mji, kwa jinsi wanawake walivyoukimbilia. Lakini sami-sami huo haukupendwa kila mahali kwa kiasi kimoja, na Henry Stanley, alipokuwa Unguja mapema mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alikesha akiumiza kichwa kwa hesabu hiyo. Sheikh mmoja, Hashid, alimfundisha kwamba kwa watu mia moja zingetosha doti kumi za nguo kwa siku. Hilo lilikuwa rahisi, maana nguo ilipokelewa karibu kila mahali. Ushanga ndio uliomtatiza, kwani aliambiwa kwamba ule mweusi uitwao bubu ni fedha huko Ugogo lakini hauna thamani yoyote kwa makabila mengine. Kwamba sungomaji, mkubwa kama yai la njiwa, hutakwa Ujiji lakini hukataliwa kwingine. Na kwamba ule mweupe uliopendwa Ufipa ungedharauliwa Ukonongo. Hatimaye alifunga magunia 22 akaondoka nayo, huku akiomba Mungu awe amepatia.

Fikiri basi juu ya mtengenezaji wa ushanga kule Venice, ambako sehemu kubwa ya ushanga huo ilitoka. Akiona oda ya ushanga mweusi imepungua, atasemaje? Kwamba Wagogo wameuchoka? Huenda, lakini huenda pia tajiri mmoja alikosea mwaka uliopita, akapeleka mweusi mpaka Unyanyembe ambako haukutakwa, na sasa magunia yake yamelala ghalani yakingoja msafara urudio kwa njia ya Ugogo. Ushanga hauozi wala hauliwi na panya. Ulioagizwa mwaka huu na kukosa mnunuzi huweza kutolewa mwaka wa tatu au wa nne, na katika miaka hiyo yote hapana oda mpya itakayoandikwa, ingawa shingo za wanawake zimejaa ushanga kuliko zamani. Mwenye kusoma oda bila ya kuingia ghalani ni kama mtu apimaye maji ya mtungi kwa kuhesabu mara ngapi mtumishi amekwenda kisimani.

Nguo nayo ilikuwa na mafunzo yake, tena makubwa zaidi, kwa sababu yalihusu mataifa. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani kwa mkono wa Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake, na mfanyabiashara papo hapo. Bidhaa kuu waliyoileta watu hao ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu na kizito, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na miongoni mwao kiwanda cha Naumkeag cha Salem yenyewe. Watu wa pwani wakakiita merikani, na wa bara wakalipokea jina pamoja na nguo. Kaniki ya nili kutoka Bara Hindi iliendelea kuvaliwa, na nguo za rangi za Maskati na Kachi, debwani na sohari na barsati, zilibaki kuwa za watu wakubwa na za hidaya kwa watemi. Lakini kwa malipo ya wapagazi, kwa hongo ya njiani na kwa posho ya kila siku, merikani ilikuwa kama shilingi ilivyo leo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na sehemu kubwa ya mizigo iliyopanda bara ilikuwa majora ya nguo hiyo.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hata 1865. Pamba ya majimbo ya kusini ilifungiwa bandarini, viwanda vya Massachusetts vikakosa cha kusokota, na merikebu za Salem zikaja Unguja kwa uchache na bila ya shehena zao za kawaida. Lau mtu angekaa Salem katika miaka ile na kulitazama daftari la nguo zilizopelekwa Afrika ya Mashariki, angeona anguko la kutisha, na kama angekuwa wa tabia ya wale wabashiri wa leo, angeandika kwamba Mnyamwezi ameacha kuvaa merikani. Kumbe Mnyamwezi alikuwa bado aitaka. Isipokuwa sasa aliuziwa nguo ya Uingereza na ya Bombay, na muuzaji, kwa kuwa alijua mnunuzi ataka nini, alijitahidi nguo hiyo ifanane na ile ya kwanza. Baada ya vita merikani ya kweli ilirudi, lakini viwanda vya Bombay vilikwisha kuonja soko, na kadiri miaka ilivyopita vikalichukua. Oda ya Salem ilishuka. Uvaaji wa bara haukushuka. Mto ulibadilisha mkondo, na aliyekaa penye mkondo wa zamani akadhani mvua imekatika.

Kosa la aina nyingine lilikuja kwa njia ya vita vya hapa hapa. Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye nchi yake ilikuwa juu ya barabara ya Ujiji, hakukubali kwamba pembe na nguo zipite mlangoni kwake bila ya yeye kupata haki anayoiona kuwa yake. Na Waarabu wa Unyanyembe hawakukubali kwamba mtemi mmoja awawekee sharti. Agosti 1871 walimwendea kwa jeshi, naye akawaacha washinde nje na kuwavizia wakirejea. Siku chache baadaye, tarehe 22, alishuka Tabora na kuichoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu hao, akauawa katika mapigano hayo. Stanley alikuwapo, na ilimbidi azunguke mbali kwa kusini ili afike Ujiji. Barabara ya magharibi, ile ipitayo karibu na mahali ilipo Usinge, ilizibwa, ikafunguliwa, ikazibwa tena. Je, katika kipindi hicho oda zilizotoka Ujiji zingemwambia nini mtu wa Unguja? Kama zilipungua, hazikupungua kwa kuwa watu wa ziwani hawataki nguo, bali kwa kuwa mjumbe hakupita. Na kama ziliongezeka ghafula njia ilipofunguka, hazikuongezeka kwa kuwa watu wamepandwa na wazimu wa nguo, bali kwa kuwa wamekaa miezi bila. Mirambo alifariki Desemba 1884, na hakuna oda hata moja ya zama zake inayoweza kufahamika na msomaji asiyejua siku hiyo barabara ilikuwa ya nani.

Mpaka hapa nimezungumzia mali iliyopanda bara. Iliyoshuka pwani ilikuwa na fumbo lake, na fumbo hilo ndilo linalofanana zaidi na habari ya vipande vya simu, kwa kuwa pembe haikuwa kitu cha kutumiwa ilivyo, ila sehemu ya kitu kingine. Pembe ya Afrika ya Mashariki ni laini, hukatika vizuri na haipasuki upesi, na kwa hiyo ilipendwa na wakata vibao vya piano. Na katika jimbo la Connecticut vilikaa viwanda viwili, Pratt, Read cha Deep River na Comstock, Cheney cha Ivoryton, vilivyokata vibao hivyo kwa ajili ya piano za Marekani. Ndovu aliyeanguka Manyema, pembe yake iliyopita Ujiji na Tabora begani mwa Mnyamwezi, ilimalizikia chini ya vidole vya binti mmoja katika sebule ya Ohio ambaye hakupata kusikia jina la Malagarasi. Ernst Moore, aliyekuwa wakala wa nyumba ya Arnold, Cheney mjini Unguja kuanzia mwaka 1907, aliandika baadaye, mwaka 1931, kitabu kizima juu ya biashara hiyo, na jina alilokipa lilikuwa la kuilaani.

Zingatia uzito wa jambo hili. Mwaka 1909 Marekani ilitengeneza zaidi ya piano 360,000, kilele ambacho haikukifikia tena, na mtu aliyekaa Unguja akitazama tu frasila ngapi zimeombwa angeweza kukisia kwamba mambo ni mazuri huko. Lakini asingeweza kukisia zaidi ya hapo. Pembe hukaa ghalani miaka. Vibao hukatwa, huanikwa juani vipauke, hupangwa kwa rangi. Na mwenye kiwanda hununua bei inapokuwa chini, si piano inapouzwa. Oda kubwa ingeweza kuwa na maana kwamba piano zinakwenda, au kwamba bei imeanguka, au kwamba mnunuzi mmoja ataka kumtangulia mwenziwe. Na siku gramafoni na redio zilipoanza kuingia katika zile sebule, aliyeko forodhani Unguja alikuwa mtu wa mwisho kupata habari.

Waya wa telegrafu uliotandikwa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na reli ya Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, ikazipita Kaliua na Usinge. Ule mwaka wa kuandika na kungoja ulipunguka ukawa wiki, kisha siku, na sasa ni dakika. Wapagazi wa Tabora, mabingwa wa kazi hiyo, walikwisha kukosa kazi, isipokuwa kwamba vita vya mwaka 1914 viliwakumba watu wengi wa nchi hizi katika jeshi la wachukuzi la Waingereza, lile Carrier Corps ambalo mahali pa kambi yake, Dar es Salaam, paliitwa Kariakoo na pakabaki na jina hilo. Nami huona ajabu kila ninapokumbuka kwamba soko ambalo simu janja za Shenzhen ya China hushukia, kabla ya kutawanyika hata Tabora, Kahama na Usinge, limechukua jina lake kwa watu waliobeba mizigo mabegani. Na kwamba mfanyabiashara wa Kariakoo, akitaka kumwambia mteja wake wa bara kuwa simu zimefika, humwambia hivi: mzigo umeingia.

Sasa turudi kwa wabashiri. Tarehe 14 Januari 2013 magazeti mawili, Nikkei la Japani na Wall Street Journal la Marekani, yalieneza habari kwamba Apple imepunguza karibu nusu ya oda zake za vioo vya iPhone 5 kwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, kutoka vioo milioni 65 ilivyokusudia hapo awali. Na waliotajwa kuwa watengenezaji wa vioo hivyo walikuwa Japan Display, Sharp na LG Display. Hisa za kampuni zikashuka siku hiyo hiyo. Siku tisa baadaye Apple ilitangaza kwamba katika robo iliyokwisha Desemba imeuza iPhone milioni 47.8, nyingi kuliko robo yoyote iliyotangulia, na mkuu wake, Tim Cook, akawaonya wasikilizaji wake kwamba hata kama habari moja ya kiwandani ni ya kweli, haiwezekani kuitafsiri mtu akajua biashara nzima ikoje, maana vyanzo ni vingi na mnyororo wa ugavi ni wenye kutatiza. Katika robo iliyofuata, ile iliyotabiriwa maafa, ziliuzwa simu milioni 37.4, ambazo zilizidi za robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Kwa lugha ya Unyanyembe, wasomaji waliona merikani imepungua Salem, wala hawakuuliza kama Bombay inafuma, wala kama ghala la Kazeh limejaa.

Baadhi ya watu walichukua maneno ya Cook kuwa sheria, wakasema kwamba oda za viwandani hazina faida yoyote kwa mwenye kukisia. Huko nako ni kuzidisha. Novemba 2018 Lumentum, kampuni ya Marekani itengenezayo vyombo vya miale ya leza vinavyotumika katika simu, ilisema kwamba mmoja wa wateja wake wakubwa ameitaka ipunguze mzigo kwa kiasi kikubwa; katika siku hizo hizo Japan Display wa vioo, na Qorvo wa vipande vya redio, wakapunguza matarajio yao. Safari hii alama zilisema kweli: tarehe 2 Januari 2019 Apple ilikiri kwamba mapato yake ya robo ile, yaliyotarajiwa kuwa baina ya dola bilioni 89 na 93, yatakuwa kiasi cha bilioni 84. Tofauti ya miaka hiyo miwili iko wazi kwangu. Mwaka 2013 alisikika shahidi wa vioo peke yake, na kioo cha Sharp chaweza kuchukua nafasi ya kioo cha LG. Mwaka 2018 walisema watu wa leza, watu wa vioo na watu wa redio, ambao hawauzi kitu kimoja, na kwa hiyo pungufu la mmoja haliwezi kuwa ziada ya mwenziwe. Kadhi hatosheki na shahidi mmoja, na mwenye kukisia asitosheke pia.

Upande wa pili wa kosa ni ule wa mzigo uliotoka kiwandani ukahesabiwa kuwa umeuzwa. Taarifa nyingi zinazotangazwa kila robo ya mwaka juu ya simu ngapi zimeuzwa duniani huhesabu simu zilizotoka kwa mtengenezaji kwenda kwa wasambazaji, wala si zile zilizotiwa mfukoni na mnunuzi. BlackBerry ilipotoa simu yake ya Z10 mwaka 2013, simu ziliondoka kiwandani kwa wingi. Septemba ya mwaka huo kampuni ikakiri hasara ya karibu dola bilioni moja kwa ajili ya mali iliyokosa wanunuzi. Zilikuwa sungomaji zilizopelekwa Ukonongo.

Nami nikirejea kwenye duka la Usinge naona kwamba mambo yote hayo yamo katika karatasi ile ndogo. Oda ya mwenye duka hupanda baada ya soko la tumbaku, malipo yakiwafikia wakulima kupitia vyama vyao vya msingi, na malipo yakichelewa oda nayo huchelewa, ingawa kijana aliyeitamani simu tangu masika hajaacha kuitamani. Mvua zikiharibu barabara, oda hukaa kimya. Mara nyingine huagiza kumi akitaka tano, kwa kuwa amezoea kuletewa nusu. Tena iko amri ya serikali: Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia zote nchini, na mwenye kuziona oda za siku zile asiijue amri, angedhani kwamba mapenzi ya watu yamebadilika kwa usiku mmoja, hali kilichobadilika ni kwamba simu zao zimekufa mikononi. Kwa hiyo mtu akikuletea habari ya oda, ya Usinge au ya Shenzhen, muulize kwanza njia ilikuwaje, ghalani mlikuwa na nini, na je, liko duka jingine linalouza kitu kile kile. Akishindwa kujibu, mshukuru kwa habari yake, wala usitie fedha yako.

Kiwanda cha Naumkeag kilifunga milango yake Salem mwaka 1953. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa bado kinauzwa kwa mita katika maduka ya nguo ya Tabora, na jina lake bado ni marekani.